Carey Francis: Mwalimu mkuu aliyeacha cheo akaenda kufundisha Pumwani

Huenda ulizaliwa pale hospitali ya Pumwani, kama watoto wengi wa Nairobi. Sasa hebu nikuulize: ushawahi kusikia kuhusu mzungu mzee, msomi wa Cambridge, aliyemalizia maisha yake akifundisha katika shule ya mtaa huo? Aliitwa Edward Carey Francis. Kama humjui, tulia nikupe stori yake.

Alizaliwa London mwaka wa 1897. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alikuwa mwanajeshi wa kikosi cha mizinga. Baadaye alisomea hisabati Cambridge hadi akawa mhadhiri hapo hapo. Kazi kama hiyo mtu haachi hivi hivi, lakini yeye aliiacha. Mwaka wa 1928 alifunga virago akaja Kenya kama mmishonari, akapewa shule ya Maseno aiongoze. Mmoja wa vijana waliopitia mikononi mwake huko ni Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya.

Mwaka wa 1940 alihamia Shule ya Upili ya Alliance, kule Kikuyu, akawa mwalimu mkuu kwa miaka 22. Kumbuka siku hizo shule za upili za Waafrika ulikuwa unazihesabu kwa vidole. Kijana akipata nafasi, kijiji kizima kilikuwa kinamtazama yeye.

Carey Francis hakuwa na mke wala mtoto. Shule ndiyo ilikuwa boma lake. Alipenda soka ajabu, na kaptura yake ilijulikana na kila mtu. Lakini ukichelewa au ukifanya kazi ovyo, ungejua hujui. Wavulana walimwogopa kweli kweli.

Usidhani nakuuzia malaika. Huyu alikuwa mzungu wa enzi ya ukoloni, na aliwapinga Mau Mau. Wanafunzi wake wengi waliiona nchi kwa jicho tofauti. Chukua Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kuanzia 1955 hadi 1958, wakati wa Hali ya Hatari. Kaka yake alikuwa msituni na wapiganaji. Muhula wa kwanza ulipoisha, Ngũgĩ alirudi Limuru akakuta kijiji chao kimebomolewa. Fikiria kutoka hapo urudi darasani, mbele ya mwalimu mkuu Mwingereza! Ngũgĩ alikuja kuwa mkosoaji mkali wa ukoloni, na bado katika kumbukumbu zake za Alliance, zilizochapishwa 2012, mwalimu huyo amepewa nafasi kubwa. Mtu anaweza kukukosea katika mambo ya siasa na bado akawa amekufunza kazi.

Sasa hapa ndipo stori inapokolea. Mwaka wa 1962 Carey Francis alistaafu Alliance. Angeweza kurudi Uingereza akale uzee wake polepole. Badala yake alienda Shule ya Upili ya Pumwani, Eastlands, akawa mwalimu wa kawaida. Hakuwa tena na ofisi kubwa, na shule yenyewe haikuwa na jina. Mtu aliyezoea kutoa amri sasa alikuwa anafuata ratiba iliyopangwa na mwingine.

Uhuru ukaja 1963. Odinga alikuwa serikalini, naye Ronald Ngala, aliyesoma Alliance, alikuwa kiongozi wa chama cha KADU. Watu wa Maseno na Alliance walikuwa wanagawana nchi. Mwalimu wao wa zamani alikuwa Pumwani na chaki mkononi, akifundisha watoto wa mtaa ambao hakuna aliyekuwa akiwatarajia makubwa. Aliendelea hivyo hadi alipofariki Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68. Kati ya hiyo, miaka 38 aliitoa kwa shule za Kenya.

Siku hizi tunapimana kwa vyeo. Ukishuka ngazi moja tu, watu wanasema umeisha. Carey Francis alishuka kwa hiari yake, kwa sababu alichokipenda ni kufundisha, na darasa la Pumwani lilikuwa darasa kama lile la Alliance.

Kwa hivyo ukipita Pumwani wiki hii, mkumbuke. Na kama kuna mwalimu aliyekushikilia ulipokuwa karibu kuanguka, usingoje matanga ndipo umsifu. Mpigie simu leo.