Shekhe Abu Is-haq ash-Shirazi, Mwalimu wa Waalimu

Amma baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba wengi katika sisi hudhani mwalimu hupatikana kwa kujengwa madrasa. Atakaye kujua waalimu hupatikanaje, na ayatazame maisha ya Imamu Abu Is-haq Ibrahim bin Ali ash-Shirazi, katika mashekhe wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka wa 393 wa Hijra (1003) katika mji wa Firuzabad, nchi ya Fars. Akasoma Shiraz, kisha Basra, na mwaka wa 415 akaingia Baghdad, akawa mwanafunzi wa Kadhi Abu at-Tayyib at-Tabari. Imepokewa ya kwamba kila darsa alikuwa akiirudia mara 100, na ya kwamba alikuwa akitamani mkate wa kutowea mchuzi wa maharagwe, asiipate nafasi ya kuula kwa shughuli ya kusoma. Alikuwa fakiri, hata Hija hakuwahi kwenda. Kadhi alipoiona ilimu yake akamkalisha awasomeshe wenziwe. Basi alifundishwa kusoma, kisha akafundishwa kusomesha, na shekhe wake yu hai anamtazama.

Waziri Nidham al-Mulk akajenga Baghdad madrasa kubwa ya fiqhi ya Shafi, nayo ndiyo Nidhamiya, akaiwekea wakfu wa kuwakimu waalimu na wanafunzi. Ikafunguliwa mwezi wa Dhul-Kaada mwaka wa 459 (1067). Watu wakakusanyika wakamngoja Abu Is-haq, naye asije. Yasimuliwa ya kwamba njiani alikutana na kijana, akamwuliza vipi atasomesha mahali palipopatikana kwa kunyang'anya. Shekhe akarejea, akajificha. Akakalishwa Ibn as-Sabbagh, akasomesha siku 20. Lakini Waziri akashikilia, na wanafunzi wa Abu Is-haq nao wakamjulisha ya kuwa asipokwenda watamwacha wende kwa mwenziwe. Hapo akakubali. Juu ya hayo imepokewa ya kwamba ikifika sala alikuwa akitoka, akaenda kusali katika msikiti mwingine, kwa kuichelea ile shubha.

Katika madrasa hiyo palikuwa na desturi njema. Mwalimu akiisha kutoa darsa, mwanafunzi aliyepevuka huketi na wenziwe akawarudilia mpaka wafahamu, naye huitwa muidi. Muidi wa Abu Is-haq alikuwa Abu Bakr ash-Shashi. Na baada ya miaka mingi, mwaka wa 504, huyo huyo akakalia kiti cha Nidhamiya, akasomesha mpaka kufa kwake mwaka wa 507. Na kitabu cha Muhadhdhab Abu Is-haq alikitunga kwa miaka 14. Ndicho alichokuja kukisherehesha Imamu Nawawi, mwenye Minhaji tuisomayo.

Mwaka wa 475 Khalifa al-Muqtadi alimtuma Khurasan kwa Sultani Malikshah. Aliporejea akaeleza ya kwamba hakuingia mji wala kijiji ila alimkuta kadhi wake, au mufti wake, au khatibu wake, ni mwanafunzi wake. Hayo ndiyo matunda ya darsa iliyorudiwa.

Akafariki Baghdad mwaka wa 476 (1083), na Khalifa mwenyewe akamsalia. Mwana wa Waziri akaweka mwalimu mwingine upesi. Waziri akachukia, akaona ilipasa madrasa ifungwe mwaka mzima kwa kumhuzunikia.

Leo kuta za Nidhamiya hazipo, na ilimu ya Abu Is-haq ingaliko. Basi enyi wenye kusimamia vyuo, msimpe kijana watoto wa watu kwa sababu amekhitimu tu. Mkalisheni kwanza karibu na shekhe wake, arudilie darsa mbele yake, akosolewe, azoee. Na kabla ya kutia jiwe la msingi, ulizeni kiwanja kimepatikanaje, maana shekhe huyu aliulizwa hayo akarejea, na cheo kilikuwa kikimngoja.

Mwenyezi Mungu amrehemu, atunufaishe kwa ilimu yake, atupe waalimu wenye kumcha. Amin.