Chien-Shiung Wu, Mama wa 2.04

Mwaka wa pili nilikuwa msichana peke yangu kwenye kundi letu la praktiko ya fizikia. Nilikesha na mashine ya kuhesabu mionzi, halafu siku ya kuwasilisha jina langu halikutajwa. Nikalalamika, nikaambiwa nisikuze mambo. Nusura nibadilishe kozi.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nasoma jinsi wanafizikia wanavyorusha fotoni zinazotetema upande mmoja kwenye viini vya atomi ili zizae chembe mpya. Ndipo nikakutana na Chien-Shiung Wu.

Alizaliwa 1912 Liuhe, China. Baba yake alifungua shule ya wasichana enzi ambazo wengi waliona kumsomesha binti ni kupoteza pesa. Wu akaanzia hapo, akafika chuo kikuu Nanjing, na 1936 akapanda meli kwenda Marekani. Wazazi wake hakuwaona tena. Udaktari wa fizikia akaupata Berkeley 1940.

Kazi yake ninayoipenda ni ya 1949, New York, akiwa na Irving Shaknov. Fotoni yenye nishati ya kutosha ikipita karibu na kiini huweza kuzaa elektroni na positroni. Wao walichunguza safari ya kurudi: positroni ikikutana na elektroni, zote hutoweka, zikabaki fotoni mbili zinazokimbia pande tofauti. Nadharia ilidai mitetemo yao hukatana kwa pembe mraba; moja ikitetema juu na chini, nyingine kulia na kushoto. Waliotangulia kupima walipata majibu yasiyoafikiana. Wu akachukua shaba yenye mionzi, akaweka alumini ya kuzitawanya fotoni na vihesabio bora zaidi. Akalinganisha jozi zilizotawanyika kwa pembe mraba na zile za sambamba. Kwa kifaa chao nadharia ilitaka uwiano wa 2.00. Wakapata 2.04, na nafasi ya kosa 0.08. Hapo ubishi uishie wapi?

Mwaka 1956 akafuta safari na mumewe. Mume akaenda peke yake, Wu akabaki na kobalti-60 kwenye baridi ya kupindukia. Yeye na wenzake wakaonyesha kwamba maumbile hubagua kushoto na kulia. Nobel ya 1957 wakapewa Lee na Yang, wenye wazo. Yeye hakupewa.

Aliendelea kupima, lakini hakunyamaza: alisema waziwazi kuwa sayansi inawabagua wanawake. Mwaka 1975 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanafizikia wa Marekani. Alifariki 1997, majivu yake yakazikwa kwenye ua wa shule ya baba yake.

Kozi sikubadilisha. Muhula uliofuata nilimwendea msimamizi wa praktiko, nikaomba kila ripoti ionyeshe nani kafanya nini. Alikubali. Ya kwanza niliiandika mimi, na majina yote yamo.