Simba wa Urusi: Chuma au Mieleka?

Muhula uliopita mdogo wangu, ambaye sasa anasoma katika shule hii niliyoiacha zamani, aliniandikia barua. Habari za masomo alizimaliza kwa mistari miwili. Karatasi yote iliyobaki ilikuwa juu ya jambo moja. Alisema kwamba bwenini mwao wavulana wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huamka alfajiri kuinua vyuma ili watunishe misuli. La pili hukimbia, huruka kamba, na kujifunza ndondi na mieleka. Yeye ni mwembamba, na wenzake humcheka. Alitaka nimwambie ajiunge na kundi gani.

Nilijua kwamba swali hili si lake peke yake. Hapa Uganda ndondi zina heshima kubwa tangu mwaka 1968, Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo walipotuletea kutoka Mexico medali za kwanza za Olimpiki katika historia ya nchi yetu. Vyuma navyo vina wafuasi wake, hata pale ambapo chuma chenyewe ni bomba lililotiwa mikebe ya saruji huku na huku. Basi nimeona afadhali nimweleze, yeye pamoja nanyi wasomaji, maisha ya mtu mmoja aliyezijua njia zote mbili. Mtu huyo ni George Hackenschmidt.

Alizaliwa mwaka 1877 katika mji wa Dorpat, ambao leo huitwa Tartu, katika nchi ya Estonia. Wakati ule Estonia ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutia nguo rangi. Tangu utoto kijana alipenda michezo ya viungo, na alipomaliza shule alikwenda katika mji wa Reval, ambao sasa ni Tallinn, kujifunza kazi katika kiwanda cha mitambo. Huko alijiunga na chama cha wanamichezo, akawa akiinua vitu vizito baada ya kazi.

Mwaka 1896 alifika Reval mpiga mieleka mashuhuri aitwaye Georg Lurich. Hackenschmidt alijitokeza kupambana naye, akashindwa. Nguvu alikuwa nazo, lakini chuma hungoja kuinuliwa, mtu hangoji. Mtu hukwepa, husukuma, hushika mguu, na hukuchosha kabla hujamshika vema. Somo hilo hakulisahau.

Baadaye aliumia kazini, akaenda kutibiwa. Kwa bahati alikutana na Daktari Krajewski wa St. Petersburg, bwana aliyependa sana michezo ya nguvu, na ambaye nyumba yake ilikuwa kama shule ya watu wenye nguvu. Daktari alipomtazama aliona mwili wa ajabu, akamwalika aje akae kwake. Mwaka 1898 kijana alifunga safari. Katika nyumba ile alikuta vyuma vya kila namna, na wapiga mieleka waliopita mjini ambao aliweza kujipima nao. Mwaka ule ule aliinua kwa mkono mmoja, mpaka juu ya kichwa, chuma chenye uzito wa zaidi ya kilo 120, akampita Eugen Sandow.

Yafaa kumtaja Sandow kidogo. Alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Königsberg, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaonyesha watu uzuri wa mwili uliojengwa kwa mazoezi. Mwaka 1901 aliandaa mashindano ya miili iliyojengeka vizuri katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, na mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, mtungaji wa hadithi za Sherlock Holmes. Kutunisha misuli tunakokujua leo kumetokana sana na kazi yake.

Hackenschmidt naye angaliweza kuishika njia hiyo. Umbo alikuwa nalo, na nguvu alikuwa nazo. Walakini alichagua mieleka, wala hakuviacha vyuma. Alivifanya watumishi wa mieleka yake. Katika mwaka huo wa 1898 alishinda mashindano makubwa mjini Vienna, na kwa muda wa miaka kumi hivi akawa tishio Ulaya nzima. Watu wakampa jina la Simba wa Urusi. Mwezi wa Januari 1904, mjini London, alipambana na Mturuki Ahmed Madrali, mtu mkubwa aliyeogopwa na wengi. Dakika moja haikutimia Madrali alikuwa chini, kiwiko kimeteguka. Mwaka 1905 alivuka bahari mpaka New York, akamshinda Tom Jenkins na kuwa bingwa wa ulimwengu.

Lakini mambo hayakukaa hivyo. Alikuwa akiwaangusha wapinzani upesi mno, na watu waliolipa viingilio hawakuona mengi. Msimamizi wake mjini London, Charles Cochran, alimfundisha namna ya kuwafurahisha watazamaji na kuurefusha mchezo jukwaani. Angalieni basi: hata aliyechagua kupigana alijikuta amerudi kwenye maonyesho.

Tarehe 3 Aprili 1908, mjini Chicago, alikutana na Mmarekani Frank Gotch. Gotch alikuwa amejitayarisha barabara, na pumzi yake ilikuwa ndefu. Walishikana kwa muda wa saa mbili. Hackenschmidt alilalamika kwamba mwenzake alikuwa amejipaka mafuta na kwamba alicheza vibaya, lakini mwisho alichoka, akakubali kushindwa. Ile misuli iliyoinua kilo 120 haikuweza kumnunulia pumzi.

Walirudiana tarehe 4 Septemba 1911 katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago, mbele ya watu wapatao 30,000. Wakati wa kujitayarisha Hackenschmidt alikuwa ameumia goti. Watu walikuwa wamekwisha kununua tiketi, na jina lake lilikuwa kubwa. Akaingia ulingoni na goti lile, akaangushwa mara mbili katika muda usiotimia nusu saa.

Baada ya hapo aliacha mashindano. Wengi wangaliona maisha yamekwisha, lakini yeye alikuwa na miaka 34 tu, na alibakiwa na zaidi ya miaka 50 ya kuishi. Alisoma, akaandika vitabu juu ya afya na juu ya akili ya binadamu, akakaa London. Hata alipokuwa mzee sana hakuacha mazoezi, ijapokuwa hapakuwa na mshindani, wala tiketi, wala makofi. Alifariki tarehe 19 Februari 1968, akiwa na umri wa miaka 90.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Katika siku zangu hapa nilikuwa mtu wa vyuma, na kifua changu nilikionea fahari. Muhula wa mwisho mvulana mmoja mwembamba wa bweni la pili alinitaka tushindane mieleka. Bega langu la kulia lilikuwa linauma kwa majuma matatu, maana nilikuwa nikiinua uzito uliozidi uwezo wangu, lakini nilikuwa nimekwisha kujisifu mbele ya bweni zima. Sikumwambia mwalimu, wala sikumwambia mwenzangu. Alinilaza chini mara moja, na kitu kikakatika begani. Hata leo nikipanda basi, humwomba abiria mwingine aniwekee mzigo juu. Nyumbani sijapata kueleza sababu yake. Ndugu yangu anaisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Nenda kwa wapiga mieleka, kwa kuwa huko utajifunza kushindwa mapema, kama Hackenschmidt mbele ya Lurich, nalo ni somo ambalo chuma hakitakufundisha. Viinue vyuma mara mbili kwa juma, kwa uzito unaouweza, ili viungo vyako viwe imara. Kimbia, upate pumzi. Wanaokucheka sasa watamaliza shule waende zao, lakini mwili huo utakaa nao mpaka uzeeni. Na siku utakayoumia, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo, hata kama bweni zima limekwisha kukaa kuzunguka uwanja likingoja.