Abu Hurayra na Kipaka Chake

Wengi katika miji yetu hulitaja jina la Sahaba Abu Hurayra (r.a.) wala hawajui lilikotoka. Jina lake katika Uislamu, kwa kauli iliyo mashuhuri, ni Abdur-Rahman bin Sakhr, naye ni mtu wa kabila la Daus, nchi ya Yaman. Huko kwao alikuwa akiwachunga mbuzi wa watu wake, na alikuwa na mtoto wa paka. Usiku humweka mtini, na kukicha huenda naye machungani akicheza naye. Ndipo watu walipompa lakabu hiyo, yaani baba wa kipaka.

Alifika kwa Mtume (s.a.w.) mwaka wa 7 wa Hijra (628), wakati wa vita vya Khaybar. Hakuwa na mali; akakaa Suffa, kipenuni mwa Msikiti wa Madina, pamoja na mafakiri walioshika elimu. Njaa ilimbana hata akijifunga jiwe tumboni. Mama yake alipoukataa Uislamu, alikwenda kwa Mtume akilia, akaombewa dua, na mama akasilimu. Moyo uliomlilia mama ndio ule ule uliomhurumia mnyama.

Hadithi alizopokea zimehesabiwa 5374, pamoja na zilizokaririwa. Katika hizo mna khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Na khabari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Sayyidna Umar alimtawalisha Bahrain, kisha akarudi Madina, na huko akafa akiwa na umri wa karibu miaka 78. Mwaka wa kufa kwake una khitilafu: 57, 58 au 59 (kati ya 677 na 679). Paka aghalabu hapiti miaka 15 au 20. Basi kipaka kile kilikwisha kuwa udongo zamani, na bwana wake angali akiitwa kwacho. Hata leo, kila isomwapo hadithi yake, kipaka nacho hutajwa.

Ndugu Waislamu, hapa pana mafunzo. Kwanza, tusizidishe. Maneno yasemwayo kuwa kupenda paka ni katika imani, wanavyuoni wa hadithi wameyahesabu kuwa ni ya kuzuliwa. Na kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu ili asimwamshe paka hakimo katika vile vitabu sita vya hadithi. Yaliyo sahihi yatutosha. Pili, tusipunguze. Wako miongoni mwetu wanaotia watoto wa paka guniani wakaenda kuwatupa pwani, kisha wakaingia msikitini kusali. Na mtoto akimlilia paka wake aliyekufa, hutukanwa na kuchekwa.

Asichekwe. Paka hawekewi matanga wala hasomewi khitima. Lakini machozi ya mtoto ni rehema aliyotiwa moyoni na Mola wake. Mwambieni khabari ya mchungaji wa Daus, kisha mfundisheni kumwekea maji paka mwingine apitaye mlangoni. Umri wa mnyama ni mfupi, na hisabu ya tuliyomtendea ni ndefu.

Wabillahi taufiq.