Edward Saidi Tingatinga, Mtu wa Tunduru

Sisi tukilisikia neno tingatinga twafikiri trekta, au ile mashine kubwa ya kuchimba barabara. Watoto wengi wa Uingereza na wa nchi nyingine wakilisikia hufikiri katuni za televisheni zenye tembo, kobe na kima. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ni jina la mtu, tena mtu wa kusini kwetu. Mto Ruvuma unaoingia baharini hapa jirani nasi ndio unaopita kusini ya wilaya ya Tunduru, alikozaliwa. Yafaa tuyajue maisha yake.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi huitwa Nakapanya. Wazazi wake walikuwa wakulima, tena maskini. Mama yake, Agnes Ntembo, alikuwa Mkristo, na baba yake, Mzee Saidi Tingatinga, alikuwa Mwislamu. Ndiyo maana mtoto alibeba majina ya pande zote mbili, akakaa nayo mpaka mwisho wa maisha yake. Jambo hili halitatushangaza sisi wa pwani ya Mtwara, ambao katika ukoo mmoja twaweza kuwa na Padre na Shehe, na tukazikana vizuri.

Shule alisoma miaka michache tu. Alipokuwa kijana alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa kusini wakati ule: alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Hii ilikuwa mwaka 1957. Wazee wetu waliowahi kwenda huko walitusimulia ugumu wa kazi ile. Baada ya miaka miwili hivi alihamia Dar es Salaam, akapata kazi ya nyumbani kwa Mzungu aliyekuwa mtumishi wa serikali. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 Wazungu wengi walirudi kwao, na kazi ile ikaisha. Tangu hapo aliishi kwa vibarua na biashara ndogo ndogo, kama wanavyoishi wengi mjini.

Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora. Wakati ule palikuwa na wachoraji kutoka Kongo waliouza picha zao mjini, na inasemekana Edward alizitazama akaona kuwa naye aweza kufanya kazi kama ile. Hakuwa na mwalimu, wala hakuwa na fedha za kununua vitambaa na rangi za wachoraji. Alichukua bodi za dari, zile za kufunikia juu ndani ya nyumba, akazikata vipande vya mraba. Rangi aliyoitumia ilikuwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, iliyouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwanza alipaka bodi nzima rangi moja. Kisha katikati alichora mnyama mmoja mkubwa au ndege, akamjaza madoa na mistari. Hakuweka kivuli wala milima ya mbali. Chui wake alikuwa chui, na macho yake yalikutazama. Rangi ile ya baiskeli ilipokauka iling'aa kama kioo.

Picha zile ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, kule Oysterbay, mahali wageni walipokuja kununua mahitaji yao. Wageni walizipenda, wakazichukua kwao Ulaya. Mwaka 1970 Edward alimwoa Agatha Mataka, na Mungu akawajalia watoto wawili, Daudi na Martina. Mama Agatha alisaidia kuziuza picha. Alipopata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili, Edward hakuacha kuchora.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kubwa kuliko yote katika maisha yake. Mtu aliyepata njia mpya ya kujipatia riziki, baada ya kuhangaika miaka mingi, angeweza kuificha. Mafundi wengi hufanya hivyo. Husema kuwa ukimfundisha mwenzako kesho atakunyang'anya wateja. Edward hakufanya hivyo. Aliwakusanya jamaa na rafiki zake kutoka kusini, akawafundisha kukata bodi, kuchanganya rangi na kuchora. Miongoni mwao walikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata. Walikaa pamoja, wakachora pamoja, na picha zao zikauzwa mahali pale pale zilipouzwa zake.

Mwaka 1972, huko Dar es Salaam, Edward alipigwa risasi na polisi waliodhani kuwa ni mwizi anayekimbia. Lilikuwa kosa. Alikufa akiwa na umri wa miaka kama 40, akamwacha mjane kijana na watoto wadogo. Kazi ya uchoraji alikuwa ameifanya kwa muda wa miaka minne tu.

Kama angekuwa ameificha kazi yake, ingezikwa pamoja naye. Leo pengine bodi chache tu zingekuwa zimebaki katika nyumba za Ulaya, bila mtu kujua zilitoka wapi. Lakini wale aliowafundisha waliendelea. Walilichukua jina lake kuwa jina la kazi yao, nao wakawafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji waliunda chama cha ushirika kwa jina la Tingatinga, na makao yao yakawa hapo hapo Oysterbay. Picha za namna yake zimefika Japani, Denmark, Uswisi na kwingineko, na wanaoishi kwa kazi hiyo wamekuwa wengi.

Tena likaja jambo ambalo yeye mwenyewe asingeweza kuliwaza. Mwaka 2010 televisheni ya BBC ya watoto wadogo ilianza kuonyesha katuni zilizoitwa Tinga Tinga Tales. Zilikuwa hadithi 52 fupi, za namna ile ambayo bibi zetu walitusimulia jioni: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini kobe ana gamba lenye nyufa, kwa nini popo hulala kichwa chini. Katuni zile zilitengenezwa Nairobi na vijana wa Kiafrika, na wanyama wake walichorwa kwa namna ya Tingatinga. Yaonekana namna hiyo ilifaa sana kwa kazi ile, kwa sababu mnyama mwenye umbo lililo wazi na rangi isiyo na vivuli ni rahisi kumfanya atembee na kucheza. Baadaye vilichapwa na vitabu.

Katuni za watoto mara nyingi huanza na kitu kidogo nyumbani. Mwaka 1943 Padre Wilbert Awdry wa Kanisa la Uingereza alimsimulia mwanawe aliyeugua surua hadithi za vichwa vya garimoshi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, na mwaka 1984 hadithi zake zikaonyeshwa kwenye televisheni, zikapendwa dunia nzima pamoja na garimoshi la kuchezea liitwalo Thomas. Yule Padre aliishi mpaka mwaka 1997, akayaona hayo yote kwa macho yake. Edward hakupata kuyaona yake. Alipokufa hapakuwa na kituo hata kimoja cha televisheni katika nchi yetu. Zanzibar ilianza mwaka uliofuata, na huku bara tulingoja mpaka mwaka 1994.

Kwa hiyo, watoto wako wanapotazama wanyama wale wenye madoa, uwaambie kuwa lile ni jina la mtoto wa mkulima wa Tunduru, aliyekata mkonge, akafanya kazi nyumbani kwa watu, akachora juu ya bodi za dari.

Nasi watu wazima tujiulize. Hapa Mahurunga na vijiji vya jirani kuna mafundi wa kuchonga mitumbwi, wasusi wa mikeka, wafinyanzi na wahunzi. Kila mmoja wao ana kijana aliyeketi karibu naye anajifunza? Edward alikuwa na miaka minne tu, wala hakujua kuwa ni minne. Aliwafundisha wenzake mapema, na ndiyo sababu kazi yake ipo mpaka leo.