Ernst May: Msanifu aliyeifuata ardhi

Wengi wanaoingia katika Jumba la Makumbusho la Uganda, kwenye Barabara ya Kira mjini Kampala, hutazama ngoma na zana za kale bila kujua kwamba jengo lenyewe lina historia yake. Lilichorwa na Ernst May, Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki kwa karibu miaka 20.

May alizaliwa mjini Frankfurt tarehe 27 Julai 1886. Akiwa kijana alikwenda Uingereza na kufanya kazi chini ya Raymond Unwin, bingwa wa miji ya bustani. Huko alijifunza kuusoma mwinuko wa ardhi kabla ya kushika kalamu: barabara izunguke kilima badala ya kukikata, na nyumba zipangwe ngazi kwa ngazi ili ya mbele isiizibie ya nyuma upepo na mandhari.

Mwaka 1925 Frankfurt ilimkabidhi idara yake ya ujenzi. Kwa miaka mitano alisimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kipato cha wastani na cha chini. Mtaa wa Römerstadt, ulioanza mwaka 1927 kwenye mteremko wa bonde la mto Nidda, ndio uliomletea sifa kubwa kuliko mingine. Safu zake hupinda pamoja na bonde, na ukuta wa chini hutazama bustani za wakazi.

Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti na kundi la wasanifu wenzake kuchora miji ya viwanda, ukiwamo Magnitogorsk. Matumaini hayo hayakudumu. Ilipofika mwisho wa 1933 Hitler alikuwa ameshika madaraka Ujerumani, na May, aliyekuwa na nasaba ya Kiyahudi, hakuwa na kwao pa kurudi. Akaishia Tanganyika, karibu na Arusha, akawa mkulima. Baadaye alihamia Nairobi, akafungua ofisi na kujijengea nyumba Karen. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa alikuwa mkimbizi wa utawala uleule waliopigana nao.

Baada ya kuachiliwa alipewa kazi iliyomfaa kuliko zote: mpango wa kuipanua Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru, uliochapishwa mwaka 1947. Barabara zilifuata mikunjo ya vilima, na mabonde yenye mbu wa malaria hayakutengwa kwa makazi. Hata hivyo, mpango huo uligawa makazi kwa rangi: Wazungu, Waasia na Waafrika, kila kundi na eneo lake. Mtu aliyefukuzwa na ubaguzi alikubali kuuchora kwenye ramani. Hapo sifa yake ina doa, na uzuri wa vilima hauliondoi.

Kwa Waafrika alibuni pia nyumba ya vipande vya zege vinavyoshikana kwa ndoano, yenye umbo la tao. Msomaji wa Garissa au Wajir hatashangaa sana. Wanawake wa Kisomali wamejenga aqal kwa fito zilizopindwa na mikeka tangu zamani, huibomoa na kuipakia ngamia, kisha huisimamisha kwingine. Tofauti ni kwamba aqal hupitisha hewa, ilhali zege hutunza joto, jambo ambalo wajengao kwa matofali ya saruji na mabati katika miji ya Kaskazini Mashariki hulijua vyema kila Februari.

Pwani, May alichora Hoteli ya Oceanic mjini Mombasa. Kule msanifu hupambana na jua kali na unyevu, na silaha zake ni kivuli, varanda na upepo wa bahari unaopita chumba hadi chumba.

Aliondoka Kenya mwishoni mwa 1953, akarudi Ujerumani kujenga upya miji iliyobomolewa na vita. Jengo la makumbusho lilikamilika mwaka 1954, yeye akiwa ameshaondoka. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970.

Mwaka 2011 jengo hilo lilikabiliwa na mpango wa serikali wa kulibomoa ili kupisha jumba la biashara la ghorofa nyingi. Watetezi wa urithi walikwenda mahakamani, na makumbusho bado yapo palepale kwenye kilima cha Kitante.