Gary Gygax: mrekebisha viatu aliyetafuta mchezo wa haki

Aliyewahi kucheza ludo hapa Salamabila anajua uchungu wa kungoja sita. Wenzako wanazunguka, wewe kete zako zote nne bado ziko nyumbani, na hakuna kosa ulilofanya. Ni dadu tu. Tatizo hilo hilo lilimsumbua miaka mingi Mmarekani Gary Gygax.

Alizaliwa Chicago tarehe 27 Julai 1938. Baba yake, mpiga fidla, alitoka Uswisi. Sekondari hakumaliza. Akapata kazi kwenye sosiete ya bima, lakini mwaka wa 1970 kazi ikamtoka, na watoto watano nyumbani. Basi akawa anarekebisha viatu ndani ya nyumba yake, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Muda uliobaki aliumalizia kwenye michezo ya vita ya mezani, na sheria zake aliziandika mwenyewe.

Mwisho wa 1972 kijana wa Minnesota, Dave Arneson, alimuonyesha kitu kipya. Humo mchezaji haongozi jeshi zima. Anaongoza mtu mmoja, na anamfuata toka safari moja mpaka nyingine. Mmoja wa kikundi anasimulia na kuamua, wengine wanasema watu wao wanafanya nini. Gygax akaandika sheria. Oktoba 1973, pamoja na rafiki yake Don Kaye, akaanzisha sosiete TSR, na Januari 1974 Dungeons & Dragons ikatoka: nakala 1000 tu, zilizokusanywa kwa mikono nyumbani.

Sasa, yule mtu wa mchezo anaumbwa namna gani? Mwanzoni dadu tatu zilirushwa mara sita: nguvu, akili, hekima, afya, wepesi, mvuto. Namba iliyoanguka ndiyo yako, kuanzia 3 mpaka 18. Mwenye bahati akatoka shujaa, jirani yake akatoka dhaifu, na safari ni ile ile, ya miezi. Katika kitabu cha 1979 Gygax alirekebisha: rusha dadu nne, tupa ile ndogo, halafu panga namba unavyotaka. Bahati ilibaki, ila haikuumiza sana.

Na si dadu peke yake. Mpiganaji alianza na nguvu. Mwenye uchawi alianza mnyonge, karibu bila kazi, lakini akivumilia anawapita wote. Viumbe wa hadithi za Ulaya wenye vipaji kuliko binadamu aliwawekea mpaka wa kupanda ngazi, vinginevyo nani angechagua kuwa binadamu? Wachezaji wengi hawakupenda mpaka huo, na walikuwa na sababu: haki ya kungoja miaka ni haki ya kuchosha.

Kumbe kwenye pesa kugawana kulikuwa kugumu zaidi. Jina la Arneson lilikuwa kwenye mchezo wa kwanza. Kwenye vitabu vipya sosiete haikutaka kumlipa sehemu yake. Mwaka wa 1979 akashitaki, na 1981 wakapatana. Halafu zamu ikamfika Gygax: Oktoba 1985 wenye hisa wenzake waliuza zao, usimamizi ukamtoka, tribinali haikumrudishia, na 1986 akaondoka.

Hakuacha kucheza. Mpaka Januari 2008 bado alikuwa anachezesha marafiki kila juma huko Lake Geneva. Alifariki tarehe 4 Machi, akiwa na miaka 69. Arneson alimfuata mwaka mmoja baadaye.